Kibali cha Ngoma

Jumapili iliyopita niliitwa kwenye kikao kwa mwenyekiti wa mtaa wetu. Shauri lenyewe si geni kwa mkazi yeyote wa Dar es Salaam. Mama mmoja, mjane, mwalimu aliyestaafu, ameugeuza ua wa nyumba yake kuwa ukumbi wa sherehe. Ameweka turubai na viti vya plastiki, na kila Jumamosi pana harusi, kipaimara au mahafali. Muziki hukoma saa nane za usiku. Jirani anayepakana naye ukuta kwa ukuta anauguza baba aliyepooza. Basi wenzangu wakaandika barua ya malalamiko, nami nikatia sahihi. Niko namba tisa.

Kikaoni bwana mmoja akasimama na kupiga meza: "Hapa ni makazi! Viwanja hivi vilipimwa kwa makazi!" Yule mama akamjibu bila kupandisha sauti, "Kwani baba, mimi si ninakaa?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini neno hilo nililibeba hadi nyumbani.

Hebu tujiulize, nani aliyetuamulia kwamba nyumba ni ya kukaa tu? Katika mji huu habari hiyo inaanza na Mjerumani. Mwaka 1891 utawala wake ulitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam, zilizopanga ni nyumba ya namna gani ijengwe upande upi wa mji. Kufikia mwaka 1914 mpango ulikuwa wa kanda tatu. Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaurithi mpango ule katika miaka ya 1920 na kuutekeleza. Ndipo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa uwazi wa kutenga mji wa Mwafrika huko Kariakoo na mji wa wengine.

Ujanja wake ulikuwa huu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika wazi kwamba Mwafrika asikae hapa kungeleta maswali. Kwa hiyo kanuni hazikumtaja mtu, zilitaja nyumba. Kanda ya kwanza ni ya nyumba za Kizungu, ya tatu ni ya nyumba za kienyeji. Mwenye fito, udongo na makuti akajua mwenyewe mahali pake.

Lakini nyumba ile ya Uswahilini, wengi wetu tumekulia humo. Ukumbi wa katikati, vyumba sita, baraza mbele na ua nyuma. Barazani palikuwa na cherehani ya fundi na sinia la mandazi. Vyumba vinne vilipangishwa. Uani watu walipika, walifua, walioa na walicheza ngoma. Mwenye nyumba hakuwa na mahali pa kazi na mahali pa kulala. Vyote vilikuwa chini ya paa moja. Afisa wa mji hakuiona hivyo. Kwake yeye, Mwafrika mjini alikuwa kibarua, na nyumba yake ilikuwa mahali pa kulala ili kesho arudi bandarini.

Ndiyo sababu ngoma ikahitaji kibali. Kanuni za miji za Mwingereza zilitaka mwenye kupiga ngoma aombe ruhusa kwanza. Enzi hizo beni ndiyo iliyotamba, Marini kwa Arinoti, na tarumbeta zao na vyeo vyao vya kijeshi. Sikatai kwamba wapo waliokosa usingizi. Ila serikali haikuwa ikiulizia usingizi wa Kariakoo. Ilitaka kujua nani amekusanyika na nani.

Pombe nayo vilevile. Ya kienyeji mjini iliuzwa katika vilabu vyenye leseni tu. Bibi yangu, mzaa mama, alikaa Ilala miaka ya 1950 na alipika pombe ya mtama uani, mtungi akiufukia ardhini na kutandika mkeka juu yake. Askari waliuona mara mbili, na mara zote mbili waliumwaga. Ada iliyomsomesha mama yangu ilitoka katika mtungi ule. Bibi aliamini hadi anaingia kaburini kwamba aliyemchongea ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na hakumsamehe. Sisi wajukuu tulimchukia jirani yule bila hata kumjua. Hakuna aliyetueleza kama walevi wa bibi walikuwa wakimwacha alale.

Uhuru ukaja. Kanda za rangi zikafa, lakini kanuni za matumizi ya kiwanja zikabaki. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 tuliendelea nayo hadi ilipotungwa nyingine mwaka 2007. Halafu tukaivunja, wakubwa kwa wadogo. Miaka ya 1980 mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, kila nyumba ilikuwa na "mradi". Kuku walifugwa katika mabanda ya magari, ng'ombe wakalishwa majani katika bustani za Oysterbay. Mwaka 1992 kanuni zikakubali yaliyokwishatokea: mtu mjini aliruhusiwa ng'ombe wasiozidi wanne, wa kufungiwa. Na Sinza, ndugu zangu, iliyopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili wananchi wa kipato cha chini wapate viwanja vya kuishi, leo nani anakwenda huko kutafuta utulivu?

Sheria ya leo inampa yule mama njia: aombe kubadili matumizi ya kiwanja. Mmeyaona matangazo yake magazetini, maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Kuna michoro, kuna ada, kuna kwenda na kurudi ofisini. Mwenye hoteli ana mtu wa kumtuma. Mwalimu mstaafu hana.

Nimefika mahali ambapo naona tuliandika barua isiyo yenyewe. Tuliandika kwamba kiwanja ni cha makazi, hoja ambayo ikipita inamfungia mama yule riziki yote, na kesho inamfungia fundi cherehani na mwenye genge. Kinachomuumiza mzee aliyepooza ni spika, na spika ina kanuni zake, za kelele na mitetemo, za mwaka 2015. Tungeweza kudai muziki uzimwe saa nne za usiku na spika zigeuziwe upande wa barabara. Hatukudai hivyo. Neno "makazi" lilikuwa jepesi zaidi mdomoni.

Wala sisemi yule mama hana kosa. Mwana wa mgonjwa amemwendea mara tatu kwa adabu, na mara tatu amejibiwa kwamba mteja kashalipa.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumapili ijayo. Nimemwomba mwenyekiti barua ile niiandike upya, akasema haiwezekani, imekwishapelekwa kata. Jina langu bado limo, namba tisa, na juzi mama yule tumepishana dukani, hakuniitikia salamu.