Zeze Katika Njia ya Misafara: Hukwe Zawose, Mpigaji na Mwalimu

Njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji imeandikwa sana kwa mizigo yake: pembe za ndovu, vitambaa, shanga, na watu waliofungwa minyororo. Maandishi hayo ni ya lazima, kwa maana dhuluma ile haifai kusahauliwa. Lakini wapagazi walikuwa pia watu wa nyimbo na ala, na muziki wao ulikwenda popote walipokwenda. Anayetaka kuijua njia hii kwa ukamilifu hana budi kuufuata uzi wa zeze.

Tabora ndiyo ilikuwa njia panda. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani wamekwisha kujenga matembe yao. Kutoka hapo njia moja ilishika magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi hadi Katanga, ambako Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi, alijijengea ufalme. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi. Kiangazi walibeba mizigo hadi Pwani, na mvua zilipokaribia walirudi kulima.

Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton alilitaja zeze miongoni mwa ala alizozikuta safarini. Jina hilo linahusu ala zaidi ya moja. Liko zeze la ubao mwembamba wenye kibuyu nyuma yake, linalopigwa kwa vidole. Hilo limeenea kutoka Pwani hadi mashariki ya Kongo, na watafiti wa muziki wanaona kuwa njia za misafara ndizo zilizolisambaza. Liko pia zeze la Wagogo, linalopigwa kwa upinde, na hilo ndilo lililopata bingwa aliyelifikisha duniani.

Ugogo ulikuwa mtihani mkubwa kwa msafara uliotoka Tabora kwenda Pwani. Nchi ni kavu, maji ni ya shida, na watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu mtu kupita. Katika nchi hiyo, kijijini Doduma, Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938. Reli ilikuwa imefika Tabora tangu 1912 na Kigoma tangu 1914, na upagazi wa masafa marefu ulikuwa umebaki katika masimulizi ya wazee. Hukwe alikulia katika kuchunga ng'ombe, na muziki aliupata kwa baba yake.

Zeze la Kigogo lina mwili wa kibuyu au wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, na shingo ya mti inayobeba nyuzi. Mpigaji huliegemeza mwilini, shingo ikielekea juu. Vidole vya mkono mmoja hubana nyuzi huku mkono mwingine ukivuta upinde. Aliyewahi kuona selo katika kundi la taarabu Zanzibar atatambua kuwa kazi ya mikono ni ileile. Tofauti kubwa iko katika ngazi ya sauti. Uzi ukilia, ndani ya mlio wake mna sauti nyingine nyembamba zinazopandana kwa kanuni ya maumbile. Wagogo wameujenga muziki wao juu ya sauti hizo, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ndiyo sababu zeze, ilimba (ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na koo za waimbaji wa Kigogo hupatana pasipo kuhitaji kipimo cha kinanda.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alimwita Zawose Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imeunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na ngoma za makabila zilikuwa zikipandishwa kwenye jukwaa la taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose akawa miongoni mwa walimu wake. Hivyo mwana wa Ugogo akafanya kazi yake kubwa ya kufundisha mahali palepale misafara ilipoishia.

Nje ya nchi alijulikana kwa sahani za muziki kama "Chibite" ya mwaka 1996, iliyotolewa na kampuni ya Real World, na "Assembly", aliyoitoa kwa kushirikiana na mwanamuziki Michael Brook. Sifa hizo alizistahili. Hata hivyo, naona urithi wake mkubwa zaidi ni ualimu. Zeze la Kigogo halina kitabu cha noti. Mwanafunzi hukaa karibu na mwalimu, husikiliza, huiga, hukosea, hurudia mpaka sikio lake likomae. Zawose aliifikisha elimu hiyo ya nyumbani mbele ya vijana wa chuo, na wakati huohuo hakuacha kuwafundisha ndugu na watoto wake. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwanawe Msafiri ameuendeleza muziki huo kwa njia yake. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa sahani iitwayo "Maisha", wakiwa wameshika ala ambazo kwa desturi zilikuwa mikononi mwa wanaume.

Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na vituo kama Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kuhifadhi matembe na ngome ni kazi njema, lakini zeze haliwezi kuhifadhiwa kwa kuwekwa kabatini. Linahitaji fundi wa kulichonga, mwalimu wa kulifundisha na mtoto wa kulipiga. Bagamoyo ilimpata Zawose kwa kuwa taifa liliamua kumpa mpigaji wa kijijini nafasi ya ualimu. Tabora, njia panda ya misafara, inastahili uamuzi kama huo kwa wapigaji wake wa leo, wakiwa bado na nguvu ya kufundisha.