Kabla Uache Ugali, Pitia Nyayanga Kwanza

Siku hizi huwezi kushika simu dakika mbili bila kukutana na jamaa mwenye kifua kipana, amesimama kwa jikoni safi kuliko hospitali, anakuambia uache ugali. Uache chapati, wali, maharagwe, maziwa, sukari, hata chumvi. Ule kama babu zako wa Zama za Mawe: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda. Njugu karanga hapana, kwa sababu ziko ukoo mmoja na maharagwe, lakini korosho ruhusa. Inaitwa paleo, na Kisumu imeshafika. Kuna jimu naipita kila asubuhi wameibandika mlangoni.

Mtu akitaka kuacha sukari, mimi nampigia makofi. Kinachonikera ni hao babu. Babu gani? Wa wapi? Maana sisi wa kando ya Nam Lolwe hatuhitaji kuwawaza watu wa Zama za Mawe kama katuni. Mabaki ya chakula chao yako hapa tu, ng'ambo ya ghuba, Homa Bay.

Kwanza, hii kitu ilitoka wapi. Mwaka 1975 daktari wa tumbo Mmarekani, Walter Voegtlin, alitoa kitabu cha kuwaambia watu wale kama enzi za mawe. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaandika makala kwenye jarida la madaktari huko huko Marekani. Halafu 2002 Loren Cordain akaandika kitabu kilichofanya jina paleo lijulikane kila mahali. Wazo lao kwa ufupi: miili yetu ilitengenezwa kabla ya kilimo, kilimo kina kama miaka 10,000 tu, kwa hivyo nafaka na maziwa ni wageni tumboni. Ukisikia haraka haraka, inaingia akilini.

Sasa twende Nyayanga. Ni ufukweni upande wa magharibi wa rasi ya Homa. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliochimba pale, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walipata zana za mawe 330 na mifupa ya wanyama 1,776, ya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Kulikuwa na viboko wasiopungua watatu, na mifupa ya wawili kati yao ina alama za kukatwa kwa mawe. Kiboko, wasee! Hakuna anayejua kama walimwinda au walimkuta amekufa. Moto hawakuwa nao, kwa hivyo nyama iliingia mbichi, labda baada ya kupondwa pondwa na jiwe. Na zana zenyewe, ukiangalia jinsi zilivyochakaa, hazikuwa za nyama pekee. Zilitumika pia kuponda mimea.

Kando ya hizo zana kulikuwa na magego mawili ya kiumbe anaitwa Paranthropus, ambaye si babu yetu wa moja kwa moja bali ni kama binamu wa babu. Jamaa zake wa kaskazini mwa Kenya walipimwa kaboni iliyo kwenye meno, na 2011 ikatangazwa kwamba zaidi ya robo tatu ya chakula chao kilitokana na nyasi na mimea ya aina hiyo, kama mafunjo. Yaani huyu alikuwa anashindana na ng'ombe. Hakuna mtu anauza mpango wa kula hivyo kwa bei ya kila mwezi.

Sogea kilomita chache mpaka Kanjera, miaka milioni 2 iliyopita. Hapo menyu ilikuwa swala wadogo, vichwa vya wanyama wakubwa ambavyo huenda waliokota baada ya simba kushiba (ubongo ni chakula), na mizizi. Makali ya mawe yao yanaonyesha walikata mizizi ya chini ya ardhi. Wanga, kwa lugha ya shule.

Na omena je? Samaki? Hapo ndipo mimi mwenyewe nilishtuka nilipoanza kusoma haya mambo. Ziwa halikuwepo. Wanajiolojia wanakadiria Nam Lolwe ina umri wa kama miaka 400,000, na ilikauka karibu yote kama miaka 17,000 iliyopita kisha ikajaa tena. Kwa hivyo ukimuuliza mtu wa Nyayanga kuhusu samaki wa kupaka, hata maji ya kumvua huyo samaki hayajafika.

Samaki tunawaona vizuri kuanzia kama miaka 8,000 iliyopita, kwa watu ambao wanaakiolojia wanawaita Wakansyore, jina lililotoka kisiwa kimoja cha mto Kagera. Hawa walikaa kwetu kabisa, kuanzia Usenge kule Siaya mpaka Gogo Falls kwenye mto Kuja. Waliacha mifupa ya samaki, marundo ya magamba ya kome wa maji baridi, na vyungu. Walikuwa na vyungu hata kabla ya kulima. Mtu anayebeba udongo, akaufinyanga, akauchoma, hafanyi hivyo ili ale saladi. Anataka mchuzi.

Nafaka nazo si za jana kama tunavyoambiwa. Msumbiji, kwenye pango la Ngalue, kulipatikana chembe za mtama kwenye zana za mawe za miaka kama 105,000 iliyopita. Mtama wa porini, bado Zama za Mawe, bado hakuna shamba. Na hapa kwetu Busia, kwenye pango la Kakapel, mwaka 2024 watafiti walitangaza mbegu ya kunde ya miaka 2,300 na wimbi tele la miaka kama 1,000. Kuhusu maziwa, uwezo wa watu wazima wa Afrika Mashariki kuyameng'enya ulienea ndani ya miaka elfu chache tu iliyopita. Kwa hivyo hiyo hadithi kwamba mwili uligoma kubadilika siku kilimo kilipoanza haisimami.

Nitampa jamaa wa kifua haki yake mahali pamoja: mahindi. Mahindi yalitoka Amerika, Wareno wakayaleta pwani karne ya 16, na huku Nyanza yameshika sana baada ya reli kufika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901, na serikali ya kikoloni kuyasukuma. Kabla ya hapo kuon ilikuwa ya bel na ya kal, mtama na wimbi. Ule ugali mweupe wa unga uliokobolewa tunaoutetea kama roho ya ukoo haujafikisha hata vizazi sita. Ukipunguza, mababu hawatakuja usiku. Hata ngege asili ambaye mababu zetu walikula amekuwa adimu, maana miaka ya 1950 wakoloni walileta ngege mwingine pamoja na mbuta, na ziwa likageuka. Tunakula mambo mapya kuliko tunavyofikiri.

Lakini kuna kitu kimoja hakimo kwenye hizo video zote, na ndicho kimenifanya niandike. Anayekula huwa peke yake. Angalia tena. Sahani moja, mizani, mtu mmoja, kamera.

Desemba binamu yangu alikuja nyumbani Kendu Bay na chakula chake kwenye kontena. Mayai ya kuchemsha na matango. Dani alikuwa amepika osuga siku mbili, kwenye chungu, na maziwa, ili uchungu uishe. Binamu akakaa mezani nasi, akafungua kontena lake, kwa adabu kabisa. Dani akamuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana. Dani akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Basi nani amekukosea hapa?" Kwake, mjukuu mzima wa afya hawezi kukataa chungu isipokuwa kuna ugomvi. Binamu alijaribu kueleza Zama za Mawe kwa Kijaluo. Manze, ilikuwa ngumu.

Mimi nakaa Migosi, chumba kimoja, meko ya kilo sita na sufuria mbili. Kuna wiki napika na kula na simu tu, imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Hizo wiki huwa mbaya. Silali vizuri, nakasirikia watu wasio na hatia, na haijalishi nilikula managu au chipsi. Na kuna wiki tunachanga na majirani wawili, mmoja analeta omena, mwingine mboga, mimi unga, tunapika kwa veranda kwa jiko la makaa kwa sababu gesi ni ya mtu mmoja mmoja. Chakula ni kile kile. Mimi siye yule yule.

Sasa moto. Kwenye pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, kuna majivu ndani ya pango ya miaka milioni 1 iliyopita. Moto ulilainisha mizizi na nyama, sawa, kila mtu anasema hivyo. Lakini pia uliongeza saa kwenye siku. Jua likizama, ulikuwa na mahali pa kukaa. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha utafiti juu ya Waju/'hoansi wa Kalahari, watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuokota. Mchana maongezi yao mengi yalikuwa kazi, chakula na malalamiko. Usiku kando ya moto, asilimia 81 yalikuwa hadithi.

Wajaluo walijenga nyumba kwa ajili ya hiyo asilimia 81. Wanaume walikula na kupiga stori kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, moto katikati. Wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na huko hadithi ndizo zilikuwa shule. Sitaki kupaka rangi. Duol haikuwa ya wanawake, watoto wengi walikufa wadogo, na njaa ilikuwa inakuja na jina lake. Ila hakuna aliyeambiwa kwamba kujitunza ni kujitenga na chungu cha wengine.

Kule Nyayanga, utafiti wa 2025 umeonyesha kwamba mawe mengine ya kukatia yalibebwa hadi kilomita 13. Ni kama kutoka mjini hadi karibu na Kiboswa, kwa miguu, na jiwe mkononi, miaka milioni 2.6 iliyopita. Kiboko mmoja ni nyama ya watu wengi sana, na bila friji kesho inanuka.

Binamu bado anaendelea na paleo yake na amepungua kweli, suruali zote zinamvaa vibaya. Pasaka alikuja tena. Dani alimtolea osuga kabla ya kutia maziwa, kwenye bakuli la kando, akamwekea kamongo wa kukaushwa juu. Kuon ilikuwa katikati ya meza, ya wimbi. Alikata kipande kidogo, akachovya, akaendelea na stori.