Dawa ya Deni na Dawa ya Mgonjwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia alipe nani, wala atoe katika mfuko upi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Uganda, na jinsi jibu lake lilivyomfikia mgonjwa wa mtaa kama huu wetu wa Ntinda, mjini Kampala.

Serikali iliyoshika madaraka Januari 1986 ilikuta hazina tupu na hospitali zilizochakazwa na miaka ya vita na utawala wa mabavu. Mei 1987 ilianzisha mpango wa kufufua uchumi kwa mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Mikopo hiyo ilikuwa na masharti: kushusha thamani ya shilingi, kubana matumizi ya serikali na, baadaye, kupunguza watumishi wa umma. Mwaka huo huo wa 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka wa kuzishauri nchi maskini zitoze ada katika hospitali za serikali.

Ni haki kukiri kwamba masharti hayo hayakuwa na ubaya mtupu. Kupanda kwa bei kulidhibitiwa, na uchumi uliokuwa umeanguka ukasimama. Lakini watumishi wa umma, ambao walizidi 300,000 mwaka 1990, walipunguzwa hadi karibu nusu katika miaka michache. Pendekezo la kutoza ada za matibabu lilipofikishwa mbele ya wawakilishi wa wananchi mwaka 1990, lilikataliwa. Hata hivyo, kilichokataliwa mjini kilichipuka wilayani. Kuanzia mwaka 1993 wilaya zilikabidhiwa madaraka, zikatwishwa na mzigo wa vituo vya afya pasipo fedha za kutosha. Nazo zikamgeukia mgonjwa.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama jina la ada hiyo. Nchini Tanzania, ambako utaratibu kama huo ulianza mwaka 1993, uliitwa kuchangia gharama. Mchango, kama tuujuavyo katika harusi na matanga, hutolewa kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo. Malipo yanayodaiwa kabla mtu hajatibiwa si mchango, ni bei. Na mgonjwa aliyeshindwa na bei akabaki nyumbani haandikwi katika daftari lolote la hospitali.

Wagonjwa hao walijitokeza Machi 2001. Katika kipindi cha uchaguzi wa rais, serikali ilifuta ada katika vituo vyake vyote, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali. Idadi ya waliokwenda kutibiwa ilipanda sana, na hasa miongoni mwa maskini. Kuondolewa kwa ada kuliwezekana kwa kiasi fulani kwa sababu mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupunguziwa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na fedha zilizookolewa zikaelekezwa katika elimu, maji na afya.

Hata hivyo mzigo haukutoweka. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa kaya maskini ziliendelea kuelemewa na gharama, kwa kuwa dawa zilipokosekana kituoni, mgonjwa alilazimika kuzinunua dukani. Leo mkazi wa Ntinda anaweza kwenda kilima jirani cha Naguru, kwenye hospitali ya serikali iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012. Akiikosa dawa huko, hurudi kwenye maduka ya dawa ya mtaani, na maduka hayo hayatoi bure.

Kwa maoni yetu, hilo ndilo funzo la historia hii. Deni la taifa hulipwa na taifa zima, kila mtu kwa uwezo wake. Likihamishiwa kwenye dirisha la dawa, hulipwa na anayeumwa peke yake, siku ambayo hana nguvu hata ya kufanya kazi.