Mgeni na Mwenyeji katika Bandari ya Mogadishu

Biashara ya ng'ambo katika pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea pepo za msimu: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha, na mfanyabiashara aliyeshuka bandarini alilazimika kuishi ugenini hadi upepo ugeuke.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza kinagaubaga jinsi wageni hao walivyopokewa. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, ambayo alimkabidhi mfanyabiashara mmoja huku akitangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa kijana huyo, isipokuwa yule aliyekwisha kuuzoea mji, ambaye aliweza kufikia apendapo. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia, na biashara iliyofanywa bila yeye kuwapo, au kwa bei ya kumpunja mgeni, ilihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanazuoni wa sheria, alipokewa na kadhi, yaani hakimu wa Kiislamu, kisha akakirimiwa na mtawala wa mji: wali wa samli kwa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Ukarimu huo ulikuwa wa dhati, ingawa ulikuwa pia nguzo ya soko, kwani bila mdhamini mgeni asingeuza kitu kwa usalama.