Injili Iliyokombolewa kwa Dhahabu

Katika Maktaba ya Taifa ya Uswidi, mjini Stockholm, mna kitabu kikubwa cha kale chenye Injili nne kwa lugha ya Kilatini. Wataalamu hukiita Codex Aureus, maana yake Kitabu cha Dhahabu. Kilitengenezwa kusini mwa Uingereza katika karne ya 8, na yaelekea kwamba ni mjini Canterbury. Kitabu hiki kilitekwa vitani kama mtu atekwavyo, kikakombolewa kwa mali kama mateka akombolewavyo, kikawekwa wakfu kanisani, na mwishowe kikauzwa katika nchi ya ugeni. Twapenda kueleza habari zake, maana zatufundisha jambo juu ya mali na mwenye mali.

Kwanza na tuitazame kazi yenyewe. Zamani hizo Waingereza hawakuwa na karatasi wala mitambo ya kupiga chapa. Kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama. Ngozi ililowekwa katika maji ya chokaa hata manyoya yakalegea, ikawambwa juu ya kiunzi, ikakwanguliwa kwa kisu mpaka ikawa nyembamba na laini pande zote mbili. Ndipo ilipokatwa na kupigwa mistari, na mwandishi akashika kalamu yake ya unyoya. Katika kitabu hiki zimesalia kurasa za ngozi 193, tukihesabu mbele na nyuma kuwa moja. Kila moja ina urefu wa karibu sentimeta 40, na upana wa sentimeta 31 hivi. Twaweza kukisia mwenyewe ni kundi kubwa namna gani la mifugo lililotoa ngozi hizo.

Lakini uzuri wake hasa u katika rangi. Kurasa zilipangwa kwa zamu: mmoja umetiwa rangi ya zambarau, na wa pili umeachwa na weupe wake. Juu ya weupe waliandika kwa wino mweusi na mwekundu, na juu ya zambarau kwa dhahabu, fedha na rangi nyeupe. Mahali pengine herufi zimebadilishwa rangi kwa hesabu, hata mtu akiutazama ukurasa kwa mbali aona umbo la msalaba kati ya maneno. Imo pia sura ya Mathayo ameketi katika kiti cha enzi, mapazia yamefunguliwa huku na huku, na malaika yuko juu yake. Sura ya Yohana imesalia vilevile, bali za Marko na Luka zimepotea. Zambarau ilikuwa rangi ya wafalme wa Rumi. Basi hata mtu asiyejua kusoma, kitabu kilipofunuliwa mbele yake, aliweza kufahamu kwamba maneno hayo ni ya Mfalme.

Tena dhahabu huvuta macho ya wengi, na si wote watafutao Neno. Tangu mwisho wa karne ya 8 watu wa Denmark na nchi jirani za kaskazini, waitwao Viking, walikuwa wakivuka bahari kwa mashua zao na kupora pwani za Uingereza. Walikuwa bado hawajaupokea Ukristo. Makanisa yalikuwa na fedha na dhahabu, tena hayakuwa na askari. Mwaka 851, kama ilivyoandikwa katika tarehe za Waingereza wenyewe, merikebu 350 ziliingia mto Thames, na mji wa Canterbury ukatekwa pamoja na London. Katika vita vya karne hiyo ya 9 Kitabu cha Dhahabu kiliangukia mikononi mwa jeshi la wapagani.

Wakati huo palikuwa na mtu mkuu jina lake Aelfred, mwenye cheo ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita uliwali. Mke wake aliitwa Werburg, na binti yao Alhthryth. Habari ya jambo walilolitenda twaijua kwa sababu imeandikwa ndani ya kitabu chenyewe, katika ukurasa ule ambapo Mathayo aanza kusimulia kuzaliwa kwake Kristo. Herufi za Injili zimejaa katikati kwa dhahabu. Juu yake na chini yake pameongezwa mistari michache kwa wino wa kawaida, wala si kwa Kilatini, bali kwa Kiingereza cha kale, lugha ya nyumbani mwao.

Humo Aelfred asema kwamba yeye na Werburg mkewe wamekipata kitabu kutoka kwa jeshi la wapagani kwa mali yao safi, yaani dhahabu tupu. Wamefanya hivyo kwa upendo wa Mungu na kwa faida ya roho zao, kwa kuwa hawakutaka maandiko matakatifu yazidi kukaa mikononi mwa wapagani. Wamekitoa kwa Kanisa la Kristo huko Canterbury, kisomwe kila mwezi kwa ajili yao na binti yao. Tena amekataza mtu yeyote asithubutu kukitoa wala kukiondoa katika Kanisa hilo maadamu ubatizo wadumu. Pembeni mwa ukurasa yameandikwa majina matatu: la baba, la mama na la mtoto. Umesalia pia wosia wa liwali Aelfred wa Surrey, ulioandikwa baina ya miaka 871 na 888, nao wamtaja Werburg na Alhthryth vivyo hivyo.

Na tufikiri. Wale maaskari walikishika kitabu kile kile, wakaona dhahabu. Aelfred na Werburg walikiona, wakatoa dhahabu. Huko Ireland lilitokea jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1007 Injili kubwa ya kanisa la Kells iliibwa usiku. Baada ya miezi miwili na siku 20 ikaonekana imefukiwa chini ya udongo na majani, dhahabu yake imebanduliwa. Wezi walichukua walichokithamini, na wakakitupa kilichokuwa na thamani.

Je, agizo la Aelfred lilitimizwa? Kwa miaka mingi. Lakini katika karne ya 16 kitabu kilikuwa Hispania. Mwaka 1690 mtu wa Uswidi aitwaye Johan Gabriel Sparwenfeld, aliyetumwa na mfalme wake kutafuta habari za kale, alikinunua huko Madrid kwa ajili ya maktaba ya kifalme. Hivyo kitabu kilichokombolewa mikononi mwa watu wa kaskazini chakaa kaskazini hata leo. Ubatizo wadumu duniani, wala Kitabu hakimo Canterbury. Wenye nguvu na wenye fedha hawakusikia neno la liwali aliyekwisha kufa.

Hata hivyo hatusemi kwamba dhahabu ya Aelfred ilipotea bure. Wajukuu wa wale waporaji nao walibatizwa, na nchi zao zikajengwa makanisa. Leo kitabu chatunzwa kwa uangalifu na watu waijuao thamani yake. Wakuu wengi wa zama zile waliokuwa na mashamba na ngome wamesahauliwa kabisa, bali majina ya watu watatu wa nyumba moja yangali yasomeka kando ya habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi.

Biblia zetu ni za karatasi, na bei yake si dhahabu. Lakini maneno ni yale yale, tena twayasoma kwa lugha tunayoifahamu. Wengi wetu tumeandika katika ukurasa wa kwanza majina ya watoto wetu na siku zao za ubatizo. Tumefanya alivyofanya Aelfred. Basi tukitunze kitabu, na zaidi tukisome, maana yeye hakuomba kihifadhiwe tu. Aliomba kisomwe kila mwezi.