Panya Kumi na Mmoja wa Saranac

Kijiji cha Saranac Lake, kaskazini mwa jimbo la New York, kilipata umaarufu kwa sababu ya kifua kikuu. Daktari Edward Trudeau, ambaye mwenyewe aliugua ugonjwa huo, alifungua huko nyumba ya wagonjwa katika miaka ya 1880 kwa imani kwamba hewa ya milimani ingewapa nafuu. Mwaka 1894 akajenga na maabara. Miongo minne baadaye maabara hiyohiyo ilikuwa ikichunguza adui mwingine wa kifua: vumbi la viwandani.

Mkuu wake wakati huo, Leroy Gardner, alikuwa bingwa wa mambo ya vumbi. Tayari ilijulikana kuwa asbesto hukakamaza mapafu. Ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1930 ilikuwa imeeleza hali ya wafanyakazi wa viwanda vya kusokota nyuzi za asbesto, watu waliopungukiwa pumzi wangali na nguvu za ujana. Kilichobaki ni kujua vumbi hilo linafanya nini hasa mwilini, na njia ilikuwa kuwavutisha wanyama vumbi hilo. Kampuni kadhaa za asbesto, Johns-Manville ikiwa mstari wa mbele, zilikubali kulipia majaribio hayo. Barua ya Novemba 1936 iliweka sharti waziwazi: matokeo yatakuwa mali ya wanaotoa fedha, na wao ndio watakaoamua kama yatatangazwa, na kwa namna gani. Gardner alikubali.

Mwaka 1943 aliwapelekea wafadhili muhtasari wa kazi yake. Ndani yake mlikuwa na habari ya panya wadogo waliovutishwa vumbi la asbesto nyeupe yenye nyuzi ndefu kwa muda wa kati ya miezi 15 na 24. Walikuwa 11 tu. Wanane kati yao walikutwa na uvimbe wa saratani mapafuni.

Gardner hakupiga kelele. Alijua panya 11 ni wachache, na kwamba huenda ukoo wa panya wale ulikuwa mwepesi wa kupata saratani hata bila vumbi. Alitaka jaribio lirudiwe kwa panya wa ukoo mwingine, kukiwa na kundi la kulinganishia. Huo ndio uangalifu wa mwanasayansi, na hauwezi kumletea lawama. Lakini mwaka uleule wa 1943, vita vikiwa vimepamba moto, karakana za meli za Marekani zilijaa vibarua waliokata asbesto na kuifungia mabomba na matangi ya mvuke, hewa ikiwa nyeupe kwa vumbi. Hakuna aliyewaambia habari za panya wanane.

Gardner alifariki mwaka 1946, kabla ya kurudia jaribio. Miaka miwili baadaye wawakilishi wa kampuni walikutana kuipitia rasimu ya ripoti aliyoiacha, wakakubaliana kwamba maneno yote yanayogusa saratani na uvimbe yaondolewe. Makala ilichapishwa mwaka 1951, na panya wale hawamo. Habari yao iliandikwa kwa kirefu katika jarida la kitabibu mwaka 1995 na Gerrit Schepers, daktari aliyewahi kuiongoza maabara hiyo.

Wakati majibu ya Saranac yamefungiwa, swali lilizuka upya upande wa pili wa dunia. Kimberley, Afrika Kusini, daktari wa kifua kikuu C. A. Sleggs aligundua jambo lisilo la kawaida. Wagonjwa waliotoka mashariki ya mji walipona kwa dawa, ila baadhi ya waliotoka magharibi, kwenye migodi ya asbesto ya buluu, hawakupata nafuu yoyote. Kijana mtaalamu wa maiti, Chris Wagner, alichunguza miili na kukuta utando unaofunika mapafu umegeuka uvimbe mzito. Ilikuwa mesotelioma, saratani iliyokuwa adimu kiasi kwamba baadhi ya mabingwa walikana kuwa ipo. Mwaka 1960 Wagner, Sleggs na Paul Marchand walichapisha habari za wagonjwa 33. Wachimba migodi walikuwa sehemu tu ya hao. Walikuwemo wake wa nyumbani, wachunga ng'ombe na watumishi wa majumbani, watu ambao kosa lao lilikuwa kuishi au kukulia karibu na vilima vya mabaki ya mgodi.

Wagner akarudi maabara. Mwaka 1962 alitangaza kwamba vumbi lililowekwa ndani ya kifua cha panya, juu ya utando wa mapafu, liliotesha uvimbe wa aina ileile. Baadaye, akiwa Wales, aliongoza jaribio lililochapishwa mwaka 1974: panya walipumua aina tano za asbesto, ikiwemo nyeupe ya Kanada na nyeupe ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kila aina ilileta saratani ya mapafu. Na kati ya panya waliopata mesotelioma, wawili walikuwa wamevuta vumbi kwa siku moja tu.

Siku moja.

Marekani, Mearl Stanton wa Taasisi ya Taifa ya Saratani alikuwa na swali lingine: ni kemikali ya asbesto inayoua, au ni umbo lake? Alichukua miligramu 40 za nyuzi, akazichanganya na jelatini, akazipaka kwenye kipande cha kitambaa cha kioo na kukiweka juu ya utando wa pafu la panya jike, kisha akasubiri kama miaka miwili. Alirudia hivyo kwa madini mengi tofauti, na hata kwa nyuzi za kioo. Matokeo yake ya mwaka 1981 yalionyesha kwamba hatari kubwa iko kwenye nyuzi zenye urefu unaozidi mikromita 8 na unene usiozidi robo ya mikromita, yaani nyembamba kuliko unywele mara mia mbili au zaidi. Seli za ulinzi mwilini humeza vumbi la mviringo na kuliondoa, lakini uzi mrefu hauingii wote ndani ya seli. Seli hujaribu, hushindwa, humwaga sumu zake pembeni, na kidonda hakiponi.

Licha ya hayo yote, asbesto nyeupe iliendelea kuchanganywa na saruji na kuuzwa kama vigae, na mapaa hayo bado yapo juu ya shule na nyumba za watumishi Kenya na Tanzania. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2008, miaka 65 baada ya Gardner kuandika muhtasari wake.