Msalaba wa Geddington

Ukifika katika kijiji cha Geddington, jimbo la Northamptonshire, nchini Uingereza, utaona mnara mwembamba wa mawe umesimama katikati ya kijiji. Una pande tatu, na urefu wake ni karibu mita 13. Upande wa chini umenakshiwa maua na ngao. Juu yake zimesimama sanamu tatu za mwanamke mmoja. Watu huuita msalaba, ingawa msalaba wenyewe uliokuwa kileleni ulikwisha potea.

Mwanamke huyo ni Eleanor, binti wa mfalme wa Castile, nchi ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Mwaka 1254 aliolewa na Edward, ambaye mwaka 1272 alitawala Uingereza. Tarehe 28 Novemba 1290 malkia alifariki katika kijiji cha Harby, karibu na mji wa Lincoln. Mwili wake ulichukuliwa hadi Westminster, na kila mahali jeneza lilipolazwa usiku, mfalme aliamuru ujengwe msalaba, ili wapita njia wamwombee marehemu. Ilijengwa misalaba 12. Leo imesalia 3 tu, nao wa Geddington ndio uliohifadhika kuliko yote. Ule wa Charing, mjini London, ulibomolewa mwaka 1647 kwa amri ya Bunge.

Ukiutazama mnara huu utasema, "Mfalme huyu alikuwa na moyo wa huruma." Naam, alimpenda mkewe. Lakini katika mwezi wa Julai, mwaka ule ule wa 1290, yeye huyo aliamuru Wayahudi wote waondoke Uingereza. Maelfu wakahama, na kwa zaidi ya miaka 350 hawakuruhusiwa kurudi. Hata malkia alikuwa amejipatia mashamba mengi kwa kununua madeni ambayo Wayahudi waliwadai wenye ardhi. Askofu Mkuu John Peckham alimwonya kwa ajili hiyo. Mambo hayo hayakuchongwa Geddington, wala hakuna msalaba uliosimamishwa njiani walikopita wale waliofukuzwa.

Basi wewe usomaye historia, unapokutana na ukumbusho wowote, ustaajabie kazi ya mafundi, kwani yastahili sifa. Kisha ujiulize: Ni nani aliyeusimamisha? Alitaka tukumbuke nini? Na mwaka ule, ni nani waliolia wasiwekewe hata jiwe moja?